Mbwa Anakula Shilingi Ngapi kwa Mwaka?

Muulize mwenye mbwa yeyote wa Mbagala, Kimara au Tegeta anatumia kiasi gani kumtunza mbwa wake kwa mwaka. Wengi watacheka. "Si anakula makombo tu," ndilo jibu. Akibanwa kidogo atakumbuka bei aliyomnunulia, na pengine sindano ya mwaka juzi. Mtu huyohuyo anajua luku ya mwezi uliopita ilimgharimu kiasi gani, anajua ada ya mtoto muhula kwa muhula, na anajua kuku wake wanamaliza mfuko wa chakula kwa siku ngapi. Mbwa peke yake ndiye hana ukurasa kwenye daftari.

Kuku ana hesabu kwa sababu anauzwa na kutaga. Mbwa haingizi kitu, na gharama zake zimejificha ndani ya sufuria ya familia: unga uliozidishwa kidogo, dagaa walioongezwa fungu, mkaa uliokuwa bado unawaka. Hakuna siku noti ya elfu kumi inatoka mfukoni ikaitwa ya mbwa, isipokuwa siku anayokuja daktari wa mifugo. Ndiyo maana daktari anaonekana ghali kuliko kila kitu, na ndiyo maana mwezi ukiwa mgumu chanjo inakuwa ya kwanza kufutwa. Tukimtoa mbwa kwenye sufuria na kumwandikia ukurasa wake, tutaona fedha inakokwenda hasa, na wengi watashangaa.

Nitatumia shilingi za Tanzania. Bei nitakazoweka ni za mfano, za kufanyia hesabu tu. Anayekaa Mwanza anapata dagaa kwa bei ambayo mkazi wa Dodoma haioni, na msomaji wa Mombasa au Nakuru atageuza kwa shilingi zake. Chukua vipimo na mpangilio, bei weka za soko lako.

Tuanze na bakuli, maana humo ndimo fedha nyingi zinamoishia. Tumchukue mbwa wa kienyeji aliyekomaa, wa kilo 20. Akiwa na kazi ya kuzunguka uwanja na kubweka usiku, anahitaji kalori 1,000 hivi kwa siku. Kwa jiko la kwetu, hizo ni gramu 200 za unga wa dona na gramu 80 za dagaa wakavu, zikipikwa pamoja na maji ya kutosha. Nimesema dona, na si sembe, kwa sababu sembe imeshaondolewa kiini na pumba, na mbwa anayeshindia sembe tupu hujaa tumbo huku mbavu zikihesabika. Kwa mwaka mzima hiyo inakuwa kilo 73 za dona na kilo 29.2 za dagaa. Tukiweka dona Sh 1,500 kwa kilo, inatoka Sh 109,500. Dagaa kwa Sh 9,000 kwa kilo wanatoa Sh 262,800. Ongeza mkaa au gesi, tuseme Sh 2,000 kwa wiki, hiyo ni Sh 104,000. Bakuli peke yake limekwisha kula Sh 476,300.

Hapo mwenye makombo atanikatiza: "Mimi sinunui dagaa wa mbwa." Vizuri. Kwa wiki moja, kabla ya kumwaga makombo kwenye bakuli, yapime. Mizani ya jikoni haihitajiki. Chukua kopo moja, tumia hilohilo kila siku, na andika. Nyumba nyingi zitagundua moja ya mambo mawili. Ama mbwa anapata nusu ya anachohitaji na ziada anaitafuta jalalani, ambako ndiko anakookota minyoo, mifupa ya kuku inayochoma utumbo, na siku nyingine sumu. Au mpishi wa nyumba amekuwa akipika kibaba kizima cha ziada bila kumwambia mtu, kwa huruma, na fedha hiyo imeandikwa kwenye chakula cha watoto. Makombo ya bure kwa mbwa wa kilo 20 yapo kwenye mgahawa. Kwenye familia ya watu watano ni machache sana. Na yale yaliyoungwa kwa vitunguu vingi yasiwe chakula chake cha kila siku, kwa kuwa vitunguu maji na saumu huharibu damu ya mbwa na ya paka.

Kwa kuwa dagaa ndio mzigo mkubwa kwenye hesabu hii, hapo ndipo pa kubana kwa akili. Wavuvi wa dagaa huwavuta samaki kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, mashua nyingi huegeshwa, na sokoni dagaa hupungua. Mwenye nafasi ya kununua kilo nne au tano kwa mkupuo anunue wakati wa giza, awaanike tena juani, kisha awahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Jihadhari na wale wa bei ya chini kabisa wanaouzwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Wengi wameanikwa chini, na sehemu ya uzito unaoulipia ni mchanga. Wachukue kama hela haitoshi, lakini wachekeche, waoshe mara mbili, na ujue kwamba kilo yako si kilo. Wenye chumvi nyingi waache.

Dona nayo ina msimu wake. Baada ya mavuno bei hushuka, na gunia la mahindi linalotunzwa pakavu litamhudumia mbwa mmoja kwa mwaka mzima na kubaki. Ila kuna jambo moja sitaki upite nalo haraka. Mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo mtu anasema "haya basi tumpe mbwa", yanaweza kuwa na sumukuvu, na mbwa ni katika wanyama wanaodhurika nayo upesi. Huanza kukataa chakula, macho na fizi zinakuwa za manjano, ini linakufa, naye anafuata. Nafaka isiyofaa kwa mtu haimfai mbwa.

Bucha ni msaada mwingine. Mapafu, bandama, utumbo na vichwa hupunguza dagaa kwenye sufuria, na wachinjaji wengi huviuza kwa bei nafuu. Vipike mpaka viive kabisa. Mapafu au maini yenye malengelenge ya maji yafukiwe au yachomwe, asipewe mbwa mabichi hata kama analia. Hayo malengelenge ni mabuu ya tegu, ambaye akikomaa ndani ya mbwa hurudi kwa binadamu na kumwotesha uvimbe wa ini au wa mapafu. Wafugaji wa Turkana na wa maeneo ya Wamasai wanaujua ugonjwa huo vizuri kuliko sisi wa mjini.

Je, chakula cha dukani? Mbwa wetu wa kilo 20 atakula gramu 280 hadi 300 za chakula kikavu kwa siku, kama kilo 105 kwa mwaka. Kwa bei ya mfano ya Sh 6,000 kwa kilo, ni Sh 630,000. Ukilinganisha na sufuria, ambayo tumekwisha kuihesabia mkaa, tofauti ni Sh 153,700, kama Sh 420 kwa siku. Bado hujalipia muda wa mpishi. Kwa nyumba ambayo watu wote wanatoka alfajiri na kurudi usiku, chakula cha mfuko si anasa kama kinavyosemwa. Kwa nyumba yenye jiko linalowaka kutwa, sufuria inashinda. Usinunue kile kinachofunguliwa na kupimwa kwenye mifuko ya nailoni kikiwa kimekaa wazi wiki tatu, kwa sababu mafuta yake huchacha.

Ukubwa wa mbwa nao unaleta mshangao. Watu wanapenda jamani shepadi na Rottweiler wa kilo 40 kwa sababu mwizi akimwona tu anabadilisha mtaa. Mbwa wa kilo 40 hali mara mbili ya wa kilo 20. Anakula kama mara moja na theluthi mbili. Kwa dona na dagaa peke yake hiyo ni zaidi ya laki sita, mkaa hujaugusa, na dawa zote zinapimwa kwa uzito wake. Mbwa wa kienyeji aliyelishwa vizuri anabweka vilevile, ngozi yake inahimili joto la Pwani, na jambazi hasomi cheti cha ukoo gizani. Ningekuwa nashauri mtu wa kipato cha kawaida anayetaka ulinzi, ningemwambia achukue huyo.

Sasa twende kwenye kalenda, yaani vitu vinavyojirudia kwa tarehe. Mbwa mkubwa anahitaji chanjo ya kichaa kila mwaka, chanjo ya mchanganyiko inayokinga parvo na magonjwa mengine, dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na dawa ya kupe mwaka mzima. Kwa bei za mfano: kichaa Sh 10,000, mchanganyiko Sh 30,000, minyoo Sh 4,000 mara nne ni Sh 16,000, dawa ya kuogeshea Sh 3,000 kwa mwezi ni Sh 36,000, na nauli ya daktari kufika nyumbani Sh 20,000. Jumla Sh 112,000. Weka Sh 30,000 kwa kola, mnyororo, bakuli na misumari ya banda. Weka Sh 10,000 kila mwezi za dharura, Sh 120,000 kwa mwaka. Jumlisha na bakuli: Sh 738,300. Gawanya kwa siku 365, mbwa wako anakula Sh 2,023 kila jua linapochomoza.

Itazame jumla hiyo vizuri. Chanjo ya kichaa, ile inayofutwa kwanza, ni Sh 10,000 kati ya Sh 738,300. Haifiki hata Sh 2 katika kila Sh 100. Mtu anamlisha mbwa siku 365, anamjengea banda, anamnunulia kola yenye misumari ya kung'aa, kisha anakwepa kitu cha bei ndogo kuliko vyote, ambacho ndicho kinachomlinda mtoto wa jirani.

Kichaa cha mbwa hakina mzaha. Binadamu akishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona, na karibu visa vyote vya binadamu duniani, 99 katika 100, vinatokana na mbwa. Chanjo yenyewe inafanya kazi kweli. Pemba ugonjwa uliondolewa kwa kuchanja mbwa, ukaingia tena, na ukaondolewa tena kwa njia ileile. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Chanjo hiyo unaweza kuipata kwa fedha kidogo zaidi, au bure kabisa. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kuizunguka tarehe hiyo halmashauri nyingi hufanya kampeni za kuchanja. Kwa hiyo Septemba iwe mwezi wako wa chanjo. Haigongani na ada za Januari, na ukikosa kampeni bado una fedha uliyotenga. Njia ya pili ni majirani. Chupa ya chanjo ya kichaa mara nyingi ina dozi kumi, na ikishafunguliwa haikai. Daktari anayeitwa kwa mbwa mmoja anahesabu hasara ya dozi tisa. Anayekuta mbwa kumi wamefungwa kamba chini ya mwembe mmoja anaweza kuwapunguzia bei, na nauli mnagawana. Ila mwangalie amefikaje. Chanjo inatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Akiitoa kwenye boksi la barafu, sawa. Akiitoa mfukoni saa saba mchana, mshukuru na ummiminie chai, lakini usimlipe. Akimaliza kuchanja, akuandikie kadi: tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo na sahihi. Kadi hiyo ikae pamoja na vyeti vya watoto.

Chanjo ya mchanganyiko ndiyo inayookoa watoto wa mbwa. Huanza wakiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wafike wiki 16. Bila hiyo, parvo inawapitia kwa kutapika na kuharisha damu, na ndani ya siku chache unafukia. Kirusi chake kinabaki udongoni kwa miezi mingi, hata mwaka. Kuna watu wamenunua watoto wa mbwa watatu kwa mfululizo, wote wakafia uwanja uleule, wakahitimisha kwamba nyumba imetupiwa jicho baya. Kama uwanja wako umewahi kuua mtoto wa mbwa kwa kuhara damu, lete mwingine akiwa amemaliza chanjo zote, au chukua mbwa mkubwa.

Minyoo: Machi, Juni, Septemba, Desemba, basi, bila kusubiri tumbo livimbe. Wenye watoto wanaocheza mchangani wasiruke hata mara moja, maana minyoo ya mbwa huingia kwa watoto pia. Kupe wanahitaji maneno zaidi kidogo. Wanazidi wakati wa masika na wa vuli, kwa hiyo miezi hiyo utamwogesha mara nyingi zaidi, na wanataga kwenye nyufa za ukuta na mbao za banda. Ukimwogesha mbwa ukaacha banda, umewaambia watoke watembee na warudi. Ziba nyufa, puliza dawa na banda. Mbwa aliyepoa, fizi zimepauka na mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia, ameshaumwa homa ya kupe na anahitaji daktari siku hiyohiyo. Ama kupaka oili chafu ya gari kwa ajili ya ukurutu, kama inavyofanyika mitaani, ni kumlisha sumu, kwa sababu atailamba yote.

Kwenye uzazi, hesabu ni ya wazi kuliko sehemu nyingine yoyote, na bado ndipo wengi wanapokataa kuiangalia. Mbwa jike hupata joto kama mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba siku 63 hivi, na huzaa watoto wanne, sita, hata wanane. Akinyonyesha, chakula chake kinapanda mara mbili hadi tatu. Kisha watoto wenyewe wanaanza kula, wanahitaji dawa ya minyoo kila wiki mbili, na wanatafutiwa wa kuwachukua. Wanaobaki tunawajua wanakoishia: dampo, sokoni, au kando ya barabara kuu usiku. Kumfunga kizazi, tuseme kwa Sh 80,000, ni gharama ya mara moja kwa maisha yake yote, nayo inamkinga na usaha wa mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua majike wengi waliozeeka. Dume aliyehasiwa hazururi sana kufuata majike, kwa hiyo hagongwi ovyo na bodaboda. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya mafunzo ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nairobi kuna kliniki ya chuo kikuu pale Kabete. Kwingine anza na ofisi ya mifugo ya halmashauri, ulizia daktari aliyesajiliwa na anayefanya upasuaji kwa ganzi. Asiye na ganzi asikaribie geti.

Zile Sh 10,000 za dharura za kila mwezi zisikae kwenye fedha ya matumizi. Ziwe na kibubu chake, cha udongo au cha simu, na zisipotumika mwaka huu zivuke kwenda mwaka ujao. Zinangoja vitu vya kawaida kabisa: kugongwa, kuumwa na nyoka, kula sumu, dripu za siku nne. Na zinangoja siku mbwa wako atakapomng'ata mtu. Siku hiyo, kwanza kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana kadi ya chanjo. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe na aangaliwe siku kumi, kwa kuwa akibaki mzima siku hizo zikapita, hakuwa na kirusi kwenye mate alipong'ata. Sindano za binadamu ni kadhaa, kwa tarehe zake, na kwa desturi ya mitaa yetu mwenye mbwa ndiye anayelipa. Tukiweka dozi nne kwa Sh 30,000 kila moja, ni Sh 120,000 bila nauli. Hizo ni chanjo za kichaa za mbwa wako za miaka 12, yaani maisha yake yote.

Mwaka wa kwanza una makali yake. Banda imara, lisilovuja, Sh 150,000. Chanjo mbili za ziada za utotoni Sh 60,000. Kufunga kizazi Sh 80,000. Hizo ni Sh 290,000 juu ya zile za kawaida, na usidhani mtoto wa mbwa ana nafuu ya chakula, maana anayekua hula karibu sawa na mkubwa. Mwaka wa kwanza ni Sh 1,028,300 kabla hujamlipa muuzaji. Mbwa anaishi miaka 10 hadi 13. Mwenye kulipa laki nne kwa ajili ya mtoto wa jamani shepadi akadhani amemaliza, amelipa kiingilio tu.

Kuna gharama moja ambayo hakuna anayeiandika: Desemba. Familia inapanda basi kwenda Moshi, Bukoba au Iringa kwa wiki mbili tatu, na mbwa anabaki na mfuko wa unga na ahadi ya jirani. Jirani naye ana safari zake. Mtu wa kumlisha apewe chakula kilichopimwa, namba ya daktari, na kifuta jasho kinachoeleweka, nusu mbele na nusu ukirudi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ahakikishe anakula, anakunywa na anatibiwa, na haina likizo ya Krismasi.

Paka nimemweka nyuma kwa sababu hesabu yake ni fupi. Wa kilo nne anahitaji kalori 200 hivi kwa siku. Gramu 60 za dagaa wakavu wasio na chumvi, wakichemshwa na kubadilishwa siku nyingine kwa moyo, nyama ya kichwa au mapafu, zinamtosha. Ugali si chakula chake. Paka lazima apate nyama au samaki, kwa kuwa bila taurini iliyomo humo macho na moyo wake huharibika. Maziwa unayoona kwenye vitabu vya watoto yaondoe kwenye bajeti. Paka wakubwa wengi huharisha nayo, wanataka maji tu. Weka chakula Sh 200,000, kichaa Sh 10,000, mchanganyiko Sh 30,000, minyoo Sh 12,000, nauli Sh 20,000, na dharura Sh 5,000 kwa mwezi. Inakuja Sh 332,000, chini ya nusu ya mbwa. Kwa fedha hiyo nyumba inapata amani dhidi ya panya, na kwa familia nyingi za Pwani, ambazo hazimwingizi mbwa ndani, paka ndiye mnyama wa nyumbani tangu hapo.

Paka naye huchanjwa kichaa, na jike afungwe kizazi mapema, maana anaweza kupata joto akiwa na miezi minne au mitano tu. Ukimchukua, acha sumu ya panya. Panya aliyekula sumu ni rahisi kukamatwa, na sumu hiyo inamfikia paka. Dawa ya kupe ya mbwa usimpake paka hata tone. Zile zenye permetrini zinamuua kwa mitetemeko. Panadoli pia inamuua, hata nusu kidonge. Kubana matumizi kwa kutumia dawa moja kwa wanyama wawili kumefukia paka wengi.

Mwaka ukiharibika, kazi ikaisha au mazao yakakataa, kata kwa mpangilio huu. Anza na chakula cha dukani, rudi kwenye sufuria. Kisha punguza dagaa wazuri, ongeza vya bucha. Ahirisha kola mpya na rangi ya banda. Chanjo ya mchanganyiko kwa mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa miaka kadhaa zungumza na daktari uone kama inaweza kusogezwa. Chanjo ya kichaa na dawa ya minyoo haviguswi. Ikifika mahali hata sufuria inashindikana, mtafutie mbwa nyumba nyingine mapema, akiwa bado ana mwili na kadi yake, wakati kuna atakayemtaka.

Na kama ndiyo kwanza unawaza kumchukua, jipime hivi. Kuanzia kesho weka Sh 2,000 kila siku kwenye kibubu, kana kwamba mbwa yuko uwanjani. Fanya hivyo siku 90. Ukifika mwisho bila kukopa humo, una Sh 180,000 mkononi, zinajenga banda na kulipa sindano ya kwanza, na umeshajua kipato chako kinaweza. Ukishindwa wiki ya tatu, usimchukue mbwa mwaka huu. Chukua paka, au ngoja. Muuzaji atakuhimiza kwamba wamebaki wawili tu. Watoto wa mbwa hawajawahi kwisha mjini. Kabla hujampa hata shilingi, pita kwa afisa mifugo wa kata yako, muulize bei ya chanjo ya kichaa na tarehe ya kampeni ijayo, uandike vyote viwili kwenye ukurasa wa kwanza.